Historia ya Astrositi na Habari za Malale katika Nchi za Ziwa

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa barabara ya Shinyanga hupita Mkolani kabla ya kufika Buhongwa. Siku hizi Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, nayo imekwisha kumezwa na jiji, nyumba zake zikipanda katikati ya majabali. Lakini kwa mwenye kuchunguza historia ya maradhi mahali hapa pana maana nyingine. Nyuma yake liko Ziwa Viktoria na ghuba zake, ambako mbung'o wa majini alikaa katika vivuli vya ukingoni. Mbele yake yafunguka mbuga na mapori ya Usukuma, hata Shinyanga na Maswa, ambako alikaa mbung'o wa nchi kavu. Nzi hawa wawili walileta malale ya aina mbili, na njia ya Mkolani yaweza kuhesabiwa kuwa iko mpakani mwao.

Malale ni ugonjwa wa ubongo. Vimelea vyake huingia kwanza katika damu, kisha huvuka na kuingia katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na hapo ndipo mtu hubadilika. Kwa sababu hiyo bongo za watu waliokufa kando ya Ziwa zilitazamwa kwa hadubini wakati uleule ambapo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombana juu ya seli fulani za ubongo, seli zenye matawi pande zote, ambazo jina lao la kitaalamu ni astrositi. Historia ya seli hizi na historia ya malale zilikutana mapema, zikaachana kwa muda wa miaka mingi, kisha zikakutana tena. Sababu moja ya kuachana kwao ilikuwa jina baya, na kwa hiyo habari hii inawahusu wenye kuchunguza lugha kama inavyowahusu waganga.

Jina hilo lilitolewa na Rudolf Virchow, mganga wa Kijerumani. Mwaka wa 1856 alieleza kwamba katikati ya nyuzi na seli za neva kuna kitu kingine kinachozishikamanisha, akakiita niuroglia, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi. Na kwa Kijerumani alitumia neno la lami ile ambayo fundi hutumia kushikizia vioo vya dirisha. Virchow hakufanya kosa kubwa kwa kadiri ya alivyoweza kuona. Kosa lilikuwa la waliomfuata, waliolichukua jina kana kwamba ni maelezo. Gundi haina kazi ila kushika, wala hakuna mtu aulizaye gundi inafikiri nini au inakula nini.

Katika mwaka wa 1873 Camillo Golgi wa Italia alitangaza njia yake ya kutia rangi kwa madini ya fedha, ambayo huchagua seli chache tu katika maelfu na kuzionyesha nzima kwa weusi. Katika vipande vyake aliona seli za gundi zikiwa na matawi, na baadhi ya matawi hayo yakienda kuishika mishipa ya damu. Akakisia kwamba huenda seli hizo ndizo zinazochukua chakula kutoka katika damu na kuzipelekea seli za neva. Katika miaka ya 1890 Michael von Lenhossék wa Hungaria, akiona matawi yanavyotoka kila upande kama miale, akaziita astrositi, yaani seli za nyota.

Jambo la ajabu kuliko yote katika miaka ile lilisemwa na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Mwaka wa 1895 alitoa dhana kwamba astrositi ndizo zinazoleta usingizi na kuamka. Alidhani kwamba matawi yao hurefuka na kujipenyeza katikati ya seli za neva, na hapo habari hazipiti, mtu akalala. Kisha matawi hujikunja, njia zikafunguka, mtu akaamka. Hakuwa na ushahidi. Dhana ile iliwekwa kando pamoja na nyingine nyingi, na kwa namna alivyoieleza yeye haikuthibitika. Hata hivyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa seli za gundi kutajwa kuwa na neno juu ya usingizi, na ilitajwa miaka michache tu kabla ya msiba wa usingizi kuzikumba nchi za Ziwa.

Msiba huo ulitambuliwa na waganga wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, mwaka wa 1901. Waganda waliuita mongota, kwa sababu ya mgonjwa kusinzia na kuinamisha kichwa. Busoga, mwambao wa Buganda na visiwa vya Sese viliharibika, na hesabu ya waliokufa katika Uganda kabla ya moto ule kupoa ilipita watu 200,000. Mwaka wa 1902 Aldo Castellani, akifanya kazi Entebbe, alimwona kimelea katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce akaonyesha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o wa ukingoni mwa Ziwa. Ilimbidi Friedrich Karl Kleine, katika mwambao wa mashariki mwa Ziwa, kuonyesha mwaka wa 1909 kwamba kimelea hakibebwi tu mdomoni mwa nzi kama uchafu, bali hukua ndani ya nzi kwa siku kadhaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu.

Mwaka wa 1906 wastahili kutazamwa peke yake. Katikati ya mwaka huo Robert Koch, ambaye alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika Mwanza na wasaidizi wake kwa amri ya serikali ya Kijerumani ili kuchunguza malale. Hakuona wagonjwa wa kutosha kazi yake, akavuka kwenda Sese, ambako walikuwa tele, akawadunga sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walionekana kupata nafuu ya muda. Baadhi yao walipofuka kwa dawa hiyo. Mwisho wa mwaka uo huo Golgi na Cajal waligawana Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya neva, na katika hotuba zao kila mmoja alimpinga mwenziwe mbele ya watu. Tena ni katika mwaka huo huo kwamba huko London Frederick Mott, aliyekuwa mkuu wa maabara ya hospitali za wagonjwa wa akili za mji ule, alitoa taarifa ndefu juu ya bongo za watu waliokufa kwa malale.

Taarifa ya Mott haisomwi sana siku hizi, ijapokuwa jina lake limebaki katika seli fulani za malale zinazoitwa kwa jina lake. Vipande vya ubongo alivyovitazama vilikuwa vimetoka Uganda. Alikuta mishipa midogo ya damu imezungukwa na seli ngeni zilizojipanga kama mkufu. Na kando ya mishipa hiyo, na chini ya utando wa ubongo, alikuta niuroglia zimeongezeka na kunenepa. Seli za neva zenyewe, kwa mshangao wa waliotazamia kuziona zimekufa, nyingi zilikuwa bado zipo. Basi palikuwa na mtu aliyekufa kwa kuharibikiwa na akili, na seli zake za akili zinaonekana nzima au karibu na uzima, wakati seli za gundi ndizo zilizogeuka. Mtu asiyefungwa na jina angaliuliza mara moja kama kugeuka kwa gundi si ndio ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa wakati ule waliona katika niuroglia zilizonenepa namna ya kovu, kama kidonda cha ngozi kinavyojazwa nyama, na kovu halina habari ya kueleza ila kwamba jeraha lilikuwapo.

Si haki kuwalaumu kupita kiasi. Vyombo vyao havikutosha. Cajal alipata njia nzuri ya kuzitia astrositi rangi kwa dhahabu mwaka wa 1913 tu, na mwanafunzi wa shule yake, Pío del Río-Hortega, katika mwaka wa 1919 na miaka iliyofuata, akaonyesha kwamba kitu kilichoitwa gundi ni jamaa tatu mbalimbali: astrositi, kisha seli zinazozivika nyuzi za neva ala ya mafuta, na seli ndogo zinazokula uchafu. Jina moja lilikuwa limefunika watu watatu.

Wakati huo malale yalikuwa yamehama njia. Mwaka wa 1922 ugonjwa ulionekana Maswa, katika nchi ya Mwanza, mbali na vivuli vya Ziwa. Kimelea chake kilikuwa cha aina ya rhodesiense, iliyopewa jina mwaka wa 1910, nacho huua upesi kuliko kile cha gambiense kilichoiangamiza Sese. Mchukuzi wake ni mbung'o wa mapori, ambaye mwaka wa 1923 alipewa jina la Charles Swynnerton, mtu aliyesimamia vita vya mbung'o huko Shinyanga. Chini ya usimamizi huo Wasukuma kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, walifyeka na kuchoma mapori ili nzi akose kivuli. Mahali pengine katika Tanganyika serikali ya Waingereza iliwahamisha watu na kuwakusanya katika vijiji vikubwa. Njia hizo ziliokoa maisha, nazo ziliacha uchungu wa watu kutolewa katika makaburi ya wazee wao. Lakini kuhusu ubongo wenyewe, nusu karne nzima haikuongeza mengi juu ya aliyoyaona Mott.

Maarifa yaliporudi, yalirudi kwa mlango wa mimba, yaani kwa kuuliza astrositi huzaliwaje. Ubongo wa kiumbe tumboni huanza kama mrija. Seli zilizopangwa ukutani mwake hurefuka kutoka uso wa ndani hata uso wa nje, kama miale ya gurudumu, nazo zilijulikana tangu mwisho wa karne ya 19. Zilidhaniwa kuwa nguzo tu. Mwaka wa 1972 Pasko Rakic alionyesha, katika ubongo wa nyani mchanga, kwamba seli changa za neva huzipanda nguzo hizo kama mtu apandavyo mnazi, hata zifike mahali pake. Kisha katika miaka ya 2000 na 2001 ikadhihirika jambo kubwa zaidi, kwamba nguzo zenyewe ndizo mama. Kwa kugawanyika kwao huzaliwa seli za neva, na zile changa humpanda mama yake mwenyewe. Kazi hiyo ikiisha, mama hugeuza uzazi wake, akaanza kuzaa astrositi, na mwisho wengi wao hujivua umbo la nguzo wakawa astrositi wenyewe, jambo ambalo Rakic na mwenziwe Donald Schmechel walilionyesha mwaka wa 1979.

Kwa nini uzazi hugeuka kwa wakati wake wala si kabla? Hapa utafiti umetoa jibu la kupendeza. Katika siku za mwanzo jeni ambazo ni alama ya astrositi huwa zimefungwa kwa kemikali zilizobandikwa juu ya DNA, hata amri ikija haisikiki. Baadaye kifungo hulegea. Na amri yenyewe, kama ilivyoonekana katika panya mwaka wa 2005, kwa sehemu hutoka kwa seli za neva zilizokwisha kuzaliwa: zikiwa nyingi hutoa protini inayomwambia mama kwamba watoto wa aina hiyo wametosha. Astrositi changa nazo hazingoji zote zitoke kwa mama; mwaka wa 2012 ilionekana kwamba katika gamba la ubongo la panya sehemu kubwa yao hutokana na astrositi zilizokwisha kufika mahali pake na kugawanyika huko huko, katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa mwanadamu kazi hii huanza tumboni na kuendelea baada ya mtoto kuzaliwa.

Astrositi ikisha kukaa hujipatia eneo. Mwaka wa 2002 Eric Bushong na wenzake waliijaza kila seli rangi kwa ndani, wakakuta kwamba astrositi jirani karibu haziingiliani. Kila moja ina shamba lake, na mipaka yao hugusana kwa ncha tu. Katika shamba moja la panya kuna maungano ya neva yapatayo 100,000, na astrositi ya mwanadamu, iliyo kubwa zaidi, yakisiwa kufikia hata milioni 2. Hapa pia hadithi moja ya zamani ilianguka. Vitabu vingi vilikariri kwamba seli za gundi huzidi seli za neva mara kumi. Hesabu iliyofanywa mwaka wa 2009 ilipata seli za neva karibu bilioni 86 katika ubongo wa mtu, na seli nyingine zote pamoja takriban idadi hiyo hiyo.

Kazi za astrositi katika shamba lake ni nyingi. Seli ya neva ikitoa mshtuko wa umeme huacha potasiamu nje yake, na isipoondolewa jirani zake wote wangeshtuka ovyo, astrositi huiondoa. Glutamati, kemikali ambayo neva hupelekeana habari kwayo, ikikaa muda mrefu ni sumu. Astrositi huifyonza, kuigeuza na kuirudisha. Huweka akiba ya sukari, na kwa miguu yake iliyozunguka mishipa husaidia kuongeza damu mahali penye kazi na kulinda mlango baina ya damu na ubongo. Golgi, basi, hakuwa mbali na kweli. Mwaka wa 1990 ilionekana kwamba astrositi zikiguswa na glutamati hupelekeana mawimbi ya kalisi, ambayo ni namna ya mazungumzo yasiyo ya umeme. Na mwaka wa 1997 Frank Pfrieger na Ben Barres walionyesha kwamba seli za neva zilizokuzwa peke yake katika chombo huungana kwa udhaifu, lakini zikipewa kilichotoka kwa seli za glia maungano yao hupata nguvu mara nyingi. Hayo si ya gundi.

Kwa maarifa haya mtu akirudi kwa wagonjwa wa Ziwa huyaona mambo kwa sura nyingine. Katika panya walioambukizwa vimelea vya jamaa ya malale, watafiti wa Glasgow walionyesha mwaka wa 1992 kwamba kuamka kwa astrositi huenda pamoja na kutolewa kwa kemikali za uvimbe katika ubongo. Yaani seli zile alizoziona Mott zimo katika vita. Habari ya usingizi nayo imerudi. Mwaka wa 2009 ilionekana katika panya kwamba astrositi huchangia ule uzito wa usingizi unaomwelemea aliyekesha, kwa njia ya kemikali ya adenosini. Cajal alikosea njia, lakini nyumba aliyoielekeza ndiyo. Hata hivyo haijuzu kusema kwamba kwa hiyo chanzo cha usingizi wa malale ni astrositi. Wamo pia vimelea wenyewe, kemikali za mwili, na kile kituo cha ubongo kinachotofautisha usiku na mchana. Mwenye kuruka kutoka panya hadi mtu wa Maswa kwa hatua moja atarudia haraka ya Koch.

Sasa ni juu ya wenye lugha. Kiswahili kinapotunga istilahi za sayansi, kazi ambayo matunda yake moja ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka wa 1990, huwa na njia mbili: kutafsiri maana au kuswahilisha sauti. Wapendao njia ya kwanza husema, na kwa kawaida husema kweli, kwamba neno lenye mzizi wa Kibantu humfungulia mwanafunzi mlango. Lakini anayeiita niuroglia gundi ya neva anatafsiri kosa la mwaka wa 1856 na kulipa uraia mpya. Selinyota ni jina zuri, wala halina dhara kama lile la gundi. Walakini nyota yenyewe ilitokana na rangi. Dawa zinazoonyesha umbo la nyota huonyesha mifupa tu ya seli, kiasi cha asilimia 15 ya ujazo wake. Bushong alipoijaza yote, umbo lilikuwa la kichaka chenye vitawi laini visivyohesabika, au sifongo. Kwa sababu hii neno astrositi, ambalo kwa sikio la Mswahili halidai lolote, ni salama zaidi hata kama halina utamu. Wenye sayansi wenyewe bado hawajatulia juu ya majina. Mwaka wa 2017 walizigawa astrositi za ugonjwa katika aina mbili, mbaya na njema, na mwaka wa 2021 kundi kubwa la wataalamu likashauri mgawanyo huo uachwe.

Neno malale ni jambo jingine. Lilitungwa na watu wenyewe kutokana na kulala, limekwisha kuenea, na hakuna haja ya kuliondoa. Lakini uchunguzi wa wagonjwa umeonyesha kwamba mwenye malale hazidishi sana jumla ya usingizi wake. Mpangilio ndio unaovunjika, akasinzia mchana na kukesha usiku, na mara nyingi tabia yake imekwisha kugeuka kabla ya hapo, akawa mkali au mwenye maneno yasiyo na mpango. Tena katika malale ya rhodesiense, yale ya upande wa Maswa, mwendo wa ugonjwa ni wa wiki na miezi, na mgonjwa aweza kufa kwa homa na moyo kabla usingizi haujaonekana wazi. Jina lililozaliwa na dalili za mwisho linamfanya mtu azingoje. Kungoja huko kuligharimu sana kwa sababu ya dawa: tangu mwaka wa 1949 mgonjwa ambaye kimelea kimekwisha kuingia ubongoni mwake alitibiwa kwa melasoproli, dawa nyingine ya aseniki, ambayo iliua yenyewe watu kama 5 katika kila 100 waliodungwa, kwa kuuwasha ubongo. Ni mwaka wa 2024 tu kwamba Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya rhodesiense. Siku hizi ugonjwa huu ni nadra katika Tanzania, na kwa sababu hiyo hiyo mganga kijana wa Mwanza aweza kumaliza masomo yake asimwone mgonjwa hata mmoja. Akija mtu kutoka maporini kwa njia ya Mkolani, ana homa, hapatani na jamaa zake na usiku halali, neno malale halitakuwa la kwanza kumjia mganga huyo.